Nabii Akikosea, Nani Hulipa?

Chupa yenyewe ni ndogo, haijai kiganja. Imebandikwa karatasi yenye picha ya mwanamume aliyevaa suti nyeupe, mkono ameuinua, na chini yake kuna maandishi ya Kiingereza ambayo jirani yangu wa hapa Walukuba, Jinja, aliniomba nimsomee. Nikamsomea: mafuta ya upako, pakaa mara tatu kwa siku kwa imani, hairuhusiwi kuuzia mtu mwingine. Nikafungua kizibo nikanusa. Yalinuka alizeti. Alikuwa ameyanunua Kampala kwa shilingi 50,000, fedha ya mukene, wale dagaa wa ziwa letu anaowaanika na kuwauza kwenye mwalo wa Masese. Ana ugonjwa wa sukari, na mguuni ana kidonda kilichokataa kufunga. Nabii alimwahidi uponyaji ndani ya siku arobaini. Siku zilipokwisha alipanda tena teksi, akaenda akauonyesha mguu. Jibu alilorudi nalo ndilo lililonikalisha kuandika: "Mama, imani yako imegawanyika. Bado unameza vidonge."

Lisikilize jibu hilo pole pole. Mafuta hayakukosea, wala aliyeyaombea hakukosea. Siku arobaini zilikuwa siku arobaini kweli. Aliyekosea ni mgonjwa.

Nimekaa na sentensi hiyo wiki kadhaa sasa, kwa sababu si mara ya kwanza kuisikia. Katika historia ya Uganda imesemwa na vinywa vingine, kwa maneno mengine, na kuna miaka ilipoacha maiti wengi.

Mimi nimekulia nyumba ambayo baba aliswali Ijumaa na mama akaimba kwaya Jumapili, na lugha iliyowakutanisha mezani ilikuwa Kiswahili. Kwa hiyo nimewajua manabii kutoka pande zote mbili, na majina yao niliyazoea kama majina ya wajomba: Ibrahimu, Musa, Yunusi, Eliya. Kinachonishangaza nikiwa mtu mzima ni jinsi wale niliosimuliwa wasivyofanana na huyu wa kwenye chupa.

Sehemu ya mkanganyiko imo katika lugha yetu wenyewe. Nabii ni neno tulilolitoa Uarabuni, na wajuzi wengi wa lugha hiyo hulihusisha na neno lenye maana ya habari, tena habari nzito. Mtume ni letu la Kibantu na halina fumbo: katumwa. Yote mawili yanamzungumzia mtu anayebeba kitu kisicho chake na kukifikisha kwa mwenyewe. Lakini kitendo tulichomwoza nabii ni kutabiri, na kutabiri masikioni mwetu ni kujua ya kesho. Tuna utabiri wa mvua, tuna utabiri wa mechi. Mtu akijiita nabii, basi, tunakaa kumngojea atuambie nani katuroga, viza itatoka lini, mume atatokea upande gani. Kazi hiyo ni ya zamani na ina jina lake. Waganda humwita mwenye nayo omulaguzi, na watu wa pwani wangemwita mpiga ramli. Simdharau mpiga ramli, ana wateja wake tangu enzi. Nasema tu kwamba Isaya hakuwa mpiga ramli.

Qurani inalisema hili waziwazi. Katika sura ya saba Mtume Muhammad, rehema na amani zimshukie, anaamriwa kuwaambia watu kwamba lau angelijua ghaibu angelijizidishia mema na dhara lisingelimgusa. Na katika sura ya ishirini na sita wanapita mmoja baada ya mwingine, Nuhu, Hud, Saleh, Lut na Shuaibu, kila mmoja kwa watu wake, na kila mmoja anarudia maneno yale yale: siwaombi ujira. Katika Biblia, Naamani jemadari wa Shamu anapona ukoma, anataka kumpa Elisha zawadi, na Elisha anakataa katakata. Mtumishi wake Gehazi anamkimbilia mgeni njiani na kuichukua kwa siri, kisha ukoma ule ule unamrukia yeye. Laiti kisa hicho kingesomwa kabla ya kila sadaka maalumu.

Hata hivyo fedha siyo kiini cha hoja yangu. Wapo manabii wa uongo ambao hawakuuza kitu. Kiini ni swali nililoliweka juu: neno likishindwa, hesabu inapelekwa kwa nani?

Kuna hadithi ndogo katika Sahihi Muslim, mkusanyo wa hadithi za Mtume Muhammad, ambayo baba yangu aliipenda. Mtume aliwakuta watu wa Madina wakichavusha mitende kwa mikono, wakichukua chavua ya mtende dume na kuitia kwenye mtende jike. Akasema huenda wasipofanya hivyo itakuwa heri. Wakaacha. Mwaka ule tende zikapungua. Walipomweleza, hakuwauliza walikuwa na shaka gani mioyoni, wala hakutafuta nani miongoni mwao aliyekuwa na imani iliyogawanyika. Aliwaambia kwamba mambo ya dunia yao wao wanayajua zaidi. Fikiria ukubwa wa jambo hilo. Huyu ndiye ambaye mamilioni wanamswalia kila siku, na umma wake umehifadhi kwa makini, mnyororo wa wapokezi juu ya mnyororo, habari kwamba neno lake kuhusu mitende halikuwa wahyi, yaani ufunuo wa Mungu. Sura ya themanini ya Qurani nayo imehifadhi namna alivyokunja uso alipojiwa na kipofu, na namna alivyokumbushwa na Mola wake. Umati husoma aya hizo kwa sauti msikitini. Hakuna aliyezificha.

Torati nayo inawapa wasikilizaji kipimo mkononi. Kumbukumbu la Torati, sura ya 18: nabii akinena kwa jina la Bwana na jambo lisitimie, hilo Bwana hakulisema. Halafu linafuata neno moja ambalo ningependa liandikwe juu ya milango ya makanisa: usimwogope. Agizo hilo linakwenda kwa mkulima na mchunga mbuzi, watu wa kawaida kabisa, kwamba wao ndio watakaopima.

Mara nyingi kupima ni kugumu, sikatai. Yunusi alitangaza kwamba Ninawi ina siku arobaini, na Ninawi haikuangamia, kwa kuwa watu walitubu. Onyo lilifanya kazi yake kwa kutotimia. Na pale Yerusalemu Hanania alisimama hekaluni akatangaza kwamba nira ya Babeli itavunjika ndani ya miaka miwili, akaichukua nira ya mti iliyokuwa shingoni mwa Yeremia akaivunja mbele ya watu. Wote wawili walisema "Bwana asema hivi". Wote wawili walikuwa na wafuasi. Yeremia alijibu kwanza kwa amina, Bwana na afanye hivyo, kisha, kitabu kinasema, akaenda zake. Napenda sana kule kuondoka kwake. Alikuwa radhi muda uamue, na uamue dhidi yake pia.

Sasa turudi nyumbani. Wazee wa Jinja hawahitaji kusimuliwa habari za Alice Auma, maana vita yake ilifika mlangoni mwao. Alikuwa binti wa Acholi aliyesema amepandwa na roho iitwayo Lakwena. Kwa Kiacholi neno hilo ni mjumbe, kwetu tungesema mtume. Mwaka 1986, jeshi la NRA, la Yoweri Museveni, lilipokwisha kuchukua nchi na wanajeshi wa kaskazini wakawa wakimbizi vijijini kwao, alikusanya maelfu. Aliwatakasa, akawapaka mafuta ya shea, akawaambia risasi hazitawapenya na mawe watakayorusha yatalipuka kama mabomu. Waliingia vitani wakiimba nyimbo za kanisani. Walikuwa na kanuni ishirini, na moja iliwakataza kujificha nyuma ya mti au kichuguu. Wakatembea wima kuelekea bunduki, kupitia Lango, Teso na Tororo, hadi Magamaga, hatua chache kutoka mjini hapa, Oktoba 1987. Huko walisagwa. Yeye alivuka mpaka akaingia Kenya, akafia kwenye kambi ya wakimbizi Januari 2007.

Sitaki kumtia Alice kapu moja na muuza mafuta. Watu wake walikuwa na kilio cha kweli, hofu ya kweli, na wengi walikuwa na damu mikononi waliyotamani kuoshwa. Yeye alizungumza na hayo yote, na alikwenda vitani pamoja nao. Wala hakuwa wa kwanza. Kinjeketile aliwapa watu wa kusini mwa Tanganyika maji ya kuwakinga na risasi mwaka 1905, na kule West Nile watu walikunywa maji ya Yakani aliyoyaleta Rembe. Watu walioonewa hutafuta kitu cha kuwaunganisha, na maji au mafuta hufanya kazi hiyo haraka kuliko hotuba. Yote haya nayaheshimu. Lakini ziangalie zile kanuni ishirini kwa upande wa pili. Askari akipigwa risasi akafa, maelezo yalikuwa tayari: alivunja kanuni. Labda aliiba, labda alizini, labda aliogopa. Mafuta hayakushindwa. Kila maiti aliyelala nyasini akawa ushahidi dhidi yake mwenyewe, na ahadi ikabaki safi, tayari kwa kijiji kinachofuata. Hivyo ndivyo jeshi lilivyoweza kutembea kutoka Acholi hadi Busoga bila ahadi kuulizwa hata mara moja.

Nikaikumbuka miguu ile iliyotembea wima nilipouona mguu mmoja wa jirani yangu, umefungwa kitambaa.

Na Kanungu, kusini-magharibi mwa nchi. Miaka ishirini na zaidi imepita na bado watu wa Kigezi hushusha sauti wakiitaja. Kikundi kilichojiita cha Kurejesha Amri Kumi za Mungu kilikuwa na Joseph Kibwetere, Mkatoliki aliyeheshimika kwao. Kilikuwa na Credonia Mwerinde, aliyesema anaongea na Bikira Maria. Na kilikuwa na Dominic Kataribabo, padri aliyekuwa amesoma theolojia hadi Marekani. Walifundisha kwamba dunia itakwisha mwaka 1999 ukimalizika. Watu waliuza mashamba na ng'ombe, fedha wakaikabidhi. Tarehe ilipita na jua likachomoza kama kawaida. Ikatajwa tarehe nyingine. Ijumaa ya Machi 17, 2000, baada ya karamu, mamia waliteketea ndani ya jengo lililokuwa limezibwa milango na madirisha. Siku zilizofuata polisi walifukua mashimo ya maiti kwenye nyumba nyingine za kikundi, Rugazi na hata Buziga kule Kampala. Wakubwa wa kikundi hawajawahi kusimama mahakamani.

Kuna jambo moja la Kanungu ambalo halisemwi sana, nami naona ndilo ufunguo. Wafuasi walikatazwa kuzungumza. Waliwasiliana kwa ishara za mikono, siku baada ya siku, mume na mke, mama na mtoto. Inaelezwa kwamba ilikuwa tahadhari wasije wakavunja ile amri ya kumshuhudia jirani uongo. Hebu jaribu kuuliza kwa mikono: tarehe imepita, shamba langu liko wapi? Baada ya Desemba ile, watu wanaozungumza wangekaa chini ya mgomba jioni wakanong'ona, na mnong'ono ungekuwa kelele, na kelele ingeokoa watoto. Wao walinyang'anywa mnong'ono kabla hawajanyang'anywa uhai.

Kila jambo la namna hii likitokea, na lilitokea tena kwa majirani zetu Wakenya mwaka 2023 msituni Shakahola, ambako miili zaidi ya 400 ilifukuliwa, hapa kwetu linarudi pendekezo lile lile: wahubiri wawe na vyeti vya theolojia, makanisa yasajiliwe. Sina ugomvi na usajili. Ila kikundi cha Kanungu kilikuwa kimesajiliwa, na Kataribabo alikuwa na vyeti. Amosi wa Tekoa hakuwa navyo. Yeye mwenyewe alisema si nabii wala mwana wa nabii, ni mchunga mifugo na mtunza mikuyu. Cheti kinampima anayesema. Aliyekuwa akihitaji ulinzi pale Kanungu ni yule aliyekuwa na swali.

Na swali lina kufuli lake, kufuli la Zaburi. Ukiuliza chochote leo utajibiwa kwa sura ya 105: msiwaguse masihi wangu, wala msiwadhuru nabii zangu. Nimelisikia kwenye redio, nimelisikia kwenye teksi ya Jinja Road, na jirani yangu aliambiwa hilo hilo na mhudumu wa mlangoni alipotaka kuingia mara ya pili. Basi nilikwenda nikaisoma zaburi yenyewe tangu mwanzo. Inamzungumzia Ibrahimu, Isaka na Yakobo, walipokuwa wachache, wageni, wakihama taifa hadi taifa bila kipande cha ardhi. Mungu anawakemea wafalme kwa ajili yao. Aya ile iliandikwa kumlinda mtu asiye na ulinzi dhidi ya mwenye jeshi. Leo anaishika mwenye gari la kifahari na walinzi, anamwelekezea muuza mukene. Kuigeuza aya namna hiyo kunaniuma kuliko shilingi 50,000.

Nchi hii ilianza vizuri zaidi ya hapo. Mwaka 1844 hivi, katika baraza la Kabaka Suuna, alikuwepo mfanyabiashara mmoja aitwaye Ahmed bin Ibrahim, miongoni mwa Waarabu wa mwanzo kabisa kufika Buganda. Siku moja Suuna alitoa amri watu wauawe, kama alivyozoea, na mgeni yule akasimama. Alimwambia Kabaka kwamba watu hao wameumbwa na Mungu, yule yule aliyempa yeye ufalme, na kuwaua bila sababu ni dhambi kubwa. Hakuwa na bunduki ya kumtosha wala njia ya kukimbilia. Hakuwa nabii pia; yeye mwenyewe angekuwa wa kwanza kukana, maana kwa Mwislamu mlango huo ulifungwa na Muhammad. Lakini alifanya ile kazi ambayo Nathani aliifanya mbele ya Daudi aliposema "wewe ndiwe mtu huyo", na ambayo Mtume aliiita jihadi iliyo bora: neno la haki mbele ya mtawala dhalimu.

Na mbegu ile iliota kwa namna ambayo hata Kabaka hakuipenda. Waganda walioingia dini waliitwa abasomi, wasomaji. Neno lilipita kwetu, kwenye Kiswahili, kama yalivyopita eddiini na ekitabo na nnabbi. Kuamini kulikuwa kusoma, kukishika kitabu mwenyewe. Miaka ya 1870 vijana Waislamu wa ikulu walimwambia Kabaka Mutesa kwamba hawezi kuwaswalisha kwa kuwa hajatahiriwa, na nyama iliyochinjwa na asiye Mwislamu hawataila. Makumi yao walichomwa moto, miaka kadhaa kabla ya wale mashahidi wa Kikristo wa Namugongo tunaowakumbuka kila Juni 3. Wasomaji walimpima aliyetaka kuwaongoza katika ibada. Walilipa wao, kwa hiari, wakijua.

Halafu yupo Janani Luwum. Mapema Februari 1977 wanajeshi wa Idi Amin walivamia nyumba ya Askofu Mkuu huyo usiku, wakamwekea bunduki tumboni wakidai silaha. Yeye na maaskofu wenzake wakaandika barua. Hawakuota ndoto wala hawakutaja tarehe ya mwisho wa dunia. Walieleza kilichofanywa, na mauaji yanayoendelea nchini, wakatia saini majina yao, wakampelekea anayeshutumiwa. Barua ile ingeweza kukanushwa mstari kwa mstari kama ni uongo. Februari 16 Luwum aliitwa Nile Mansions, hoteli ya Kampala, na kesho yake redio ikatangaza kwamba amekufa kwa ajali ya gari pamoja na mawaziri wawili. Kaburi lilikuwa limechimbwa penye kanisa kuu la Namirembe. Likabaki tupu, na waumini wakasali pembeni yake, kwa sababu mwili ulipelekwa moja kwa moja kwao Mucwini. Waliofungua jeneza huko waliona matundu ya risasi.

Nilimsimulia jirani yangu habari ya mitende ya Madina jioni moja, amekaa kwenye kigoda, mguu kaunyoosha juu ya ndoo iliyopinduliwa. Yeye ni mlokole tangu ujana na sikujua kama angependa hadithi ya Kiislamu. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza: "Yaani aliwaambia kweli kwamba wao ndio wanajua?" Nikasema ndiyo. Akanyamaza kitambo. Vidonge vyake alikuwa amevirudia wiki iliyotangulia, baada ya mwanawe kulia mbele yake, na Jumanne tunakwenda kliniki pamoja.

Chini ya ile picha ya suti nyeupe kuna nambari ya simu. Akanipa simu yake, akaniambia niandike kama anavyosema, nisiongeze neno, nisipunguze. Niliandika: "Mtumishi, nilifuata yote. Mguu haujapona. Ulisema Mungu amekuambia habari zangu. Naomba uniambie, alikuambia nini hasa?"